Mawingu Mawili ya Kusini

Alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote: ukimkosea, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Mtu anamkanyaga sokoni, yeye anasema samahani. Karani anampotezea faili, yeye anasema pole kwa usumbufu. Siku moja mwendesha baiskeli wa Pasua alimgonga kwa mkungu wa ndizi, miwani ikarukia mtaroni, na mwalimu wetu wa fizikia akainama, si kutafuta miwani, bali kumsaidia yule bwana kuokota ndizi zake. Miwani niliitafuta mimi. Na yule wa baiskeli nilimtukana mimi, maana ilibidi mtu amtukane.

Nilifundisha hesabu katika shule aliyofundisha yeye, sekondari moja ya mjini Moshi ambayo siitaji, na meza zetu katika ofisi ya walimu ziligusana kwa miaka mingi. Mimi ni Mpare. Wachagga wanasema Mpare akiparuliwa mchicha na kuku wa jirani anakwenda mahakamani. Nami nawajibu kwamba ukitaka kuhakikisha Mchagga amekufa kweli, angusha sarafu karibu na kitanda chake. Huyu wetu ungemwaga debe zima la sarafu asigeuke. Alikuwa Mchagga wa juu kabisa, wa kahawa na migomba na ng'ombe wa ndani, lakini hizo hesabu za fedha za wenzake hakuwa nazo.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na nakieleza mapema ili mtu asije akasema hakuelewa mimi nilikasirikia nini. Kwao ni juu ya barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu, nyumba imeangalia kusini na tambarare yote iko chini yake. Mwezi wa pili, giza likishaingia, yanaonekana kule mbele mabaka mawili ya weupe, moja kubwa, moja dogo. Mama yake aliyaita mawingu. Lakini si mawingu. Ni galaksi mbili ndogo, kila moja na nyota zake zisizohesabika, na zote mbili ziko pembeni ya hii galaksi kubwa tuliyomo sisi, zinavutwa nayo. Nyuma ya hizo mbili kuna mkia mrefu wa gesi ambao jicho haliuoni, mpaka kwa mitambo ya redio. Wasomi wengi wakati ule walisema mkia huo umechanwa na galaksi yetu kubwa. Mwalimu alisema hapana, vile vidogo viwili vilipitiana karibu mno vikaumizana vyenyewe. Alitaka kulionyesha hilo kwa hesabu moja kamili, kuanzia zamani sana mpaka mahali yalipo mawingu hayo leo. Hesabu moja tu, jamani. Hakuomba shamba.

Elimu hiyo aliipata ng'ambo. Wenzake aliosoma nao walibaki huko huko, wakaoa, wakanenepa. Yeye alirudi kwa sababu alikuwa kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kumtunza mama. Akarudi na vitabu, koti moja la baridi, na diski laini chache zenye programu aliyoiandika mwenyewe. Nilimuuliza kama hajuti. Akaniambia, "Madam, kule yale mawingu hayaonekani kabisa. Nilikuwa nasoma habari za majirani nikiwa safarini." Kisha akacheka peke yake, maana mimi sikuona cha kuchekesha.

Kufundisha alijua, hilo hata adui angekiri. Siku moja nilitoka darasani kwa kusikia vurugu uwanjani, nikakuta amewasimamisha wanafunzi karibu darasa zima katikati kama kundi la ng'ombe, na wasichana wawili wanazunguka kundi hilo. Mmoja alikuwa mkubwa wa mwili, mwingine mwembamba. Yule mkubwa alikuwa ameshika uzi wa sweta la yule mdogo. Kila wakipishana, uzi unavutika, sweta linafumuka, na nyuma ya yule mdogo unabaki mstari wa sufu ya bluu kwenye majani. "Nani amefumua sweta?" akawauliza. Wanafunzi wakapiga kelele, "Sisi hatujamgusa, mwalimu! Ni mwenzake!" Akafurahi mpaka akaruka. Mzazi alikuja kesho yake amefura, na mwalimu akamnunulia mtoto sweta jipya.

Na bado alikuwa na ugumu wake. Watu aliwasamehe, tarakimu hakuzisamehe. Angeweza kumwachia mwanafunzi aliyemwibia kalamu, halafu akamrudishia huyo huyo karatasi mara nne kwa sababu ya nukta ya desimali. Kikokotozi chake hakumwazima mtu, hata mimi, hata siku ya mtihani. Na katika miaka ile ambayo kila kitu kiliachiwa soko na mishahara yetu haikufika hata katikati ya mwezi, walimu wote tulikuwa na tuisheni jioni, yeye akafundisha bure chini ya veranda ya maktaba. Wanafunzi wakatuhama! Nilimfokea mbele ya watu: "Wewe una migomba na ng'ombe huko juu, mimi nakula chaki?" Akaniomba radhi. Kesho yake akafundisha bure tena.

Sasa kompyuta.

Ililetwa na marafiki wa ng'ambo waliokuwa wakiisaidia shule, ikiwa imetumika, imefungwa kwenye sanduku la mbao kama jeneza la mtoto. Mkuu wa shule aliipokea kwa hotuba. Akaiweka ofisini kwake, juu ya meza ya pembeni, na mke wake akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi pembeni, kama vile vya juu ya redio na makochi sebuleni. Ikafunikwa. Ikakaa hivyo, chini ya picha ya rais, na vumbi lilipanguswa kila asubuhi juu ya kitambaa. Hakuna aliyeigusa. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kuchapwa aliiangalia wakati anachapwa, na hiyo ndiyo ilikuwa elimu ya kompyuta shuleni kwetu.

Mwalimu aliomba kuitumia. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta matokeo.

"Mwalimu, kile ni kifaa cha wafadhili," Mkuu akasema. "Kikiharibika nitawaambia nini?"

"Mkuu, hata kisipotumika kinaharibika."

"Kinaharibikaje na kimefunikwa?"

Mtu mzima, ana shahada! Nilisubiri mwalimu ajibu, akasema tu, "Basi, samahani kwa kukusumbua, Mkuu," akageuka. Nilipandwa na jazba nikasema wageni wakija nitawaambia mimi mwenyewe kwamba mashine yao imevishwa gauni. Mkuu alikasirika, lakini aliniogopa, maana anajua Wapare hatuachi jambo. Akatoa ruhusa: Jumapili baada ya ibada, na siku za likizo, na kitambaa kikunjwe vizuri kiwekwe pembeni.

Jumapili kadhaa nilipita kumwangalia. Usidhani ilikuwa sinema. Kioo cheusi, nukta za kijani, elfu kadhaa. Alinieleza kwa kidole. Huwezi kungoja galaksi zipite, utakufa wewe na wajukuu zako, kwa hiyo unaiambia kompyuta iigize. Kwanza alirudisha hesabu nyuma, kujua mawingu yalitokea wapi, halafu akayaachia yaje mbele na nukta zake. "Kila nukta inaulizwa: unavutwa na nani? Inajibu, inasogea kidogo. Halafu inaulizwa tena." Ile mashine ilikuwa kuukuu na pole kama yeye. Kuuliza mara moja nukta zote kulichukua muda wa kunywa chai. Jumapili hazikutosha hata kidogo, alihitaji wiki nyingi mfululizo.

Nafasi ikapatikana mwaka ambao mvua zilinyesha vizuri, mabwawa yakajaa na mgao wa umeme ukasimama. Shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili aliwasha hesabu yake, akaandika karatasi kubwa USIZIME, akaibandika ukutani. Kila baada ya siku chache alishuka mjini kunakili kilichofikiwa kwenye diski za akiba, alizoziacha pale pale mezani. Mimi sikwenda kwetu mwaka ule, nilikuwa na chumba Majengo, nikawa napita naye. Wiki ya Krismasi ilipokaribia nukta za kijani zilikuwa zimeanza kunyooka. Mawingu mawili yalikuwa yameshapitiana, na kitu kama uzi kilikuwa kinatoka.

"Ndiyo huo mkia?" nikamuuliza.

"Bado, Madam. Unaanza, lakini sijajua ni wa nani. Umetoka kwa lile kubwa au kwa lile dogo? Ngoja ufike mwisho."

Sijawahi kumwona mtu ana furaha namna ile bila pombe. Akaenda kwao kula Krismasi, maana Mchagga asiyepanda kwao Krismasi anaulizwa kama amefiwa au amefilisika. Mimi nikabaki na homa, nimelala chumbani.

Wafadhili wakaja. Hawakutoa taarifa ya mapema, walikuwa wamekuja kupanda mlima wakaona wapite. Mkuu akashuka mbio kutoka kwao kuandaa ofisi. Akakuta kompyuta iko uchi, kioo kina nukta nukta, karatasi imebandikwa ukutani, diski zimetapakaa. Yeye aliona aibu. Aliona kifaa cha watu kimeachwa kichafu. Basi akaizima, akamwita fundi mmoja kijana wa mjini aisafishe nje na ndani ionekane mpya kwa wageni. Fundi akafuta kila kilichokuwemo. Zile diski za mezani nazo akazifuta, akazitumia kuingiza programu ya kuandika, na kwenye kioo akaweka maneno KARIBUNI WAGENI WETU. Kisha wakaifunika kwa kitambaa, kilichofuliwa na kupigwa pasi.

Mlinzi wa shule ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Wageni walifunuliwa kitambaa, wakapiga makofi. Wakauliza, wanafunzi wanaitumiaje? Mkuu akawajibu kwa fahari, "Tunaitunza sana."

Tunaitunza! Mpaka leo neno hilo nikilisikia nataka kurusha kitu.

Nilimkuta mwalimu ofisini siku ya kwanza aliyoshuka. Alikuwa amekaa mbele ya kile kioo, amekunja kitambaa vizuri pembeni kama alivyoagizwa. Alikuwa anasoma KARIBUNI WAGENI WETU, anasoma tena. Nilimwambia tutaandika kwa bodi ya shule, tutaandika kwa wafadhili, nitaandika mimi na Kiingereza changu kibovu. Akasema, "Nipe siku chache, Madam." Nikampa. Nilipoona siku zinapita nikapanda kwao mwenyewe, nimeshaandaa maneno yote ya mashtaka.

Nimefika, mama yake amenikaribisha, nimempa shikamoo, hata sijakaa vizuri, nani anaingia? Mkuu wa shule! Amekuja na mzee wa ukoo wake, na kijana nyuma amebeba ndoo ya mbege, pombe yao ya ndizi, na mkononi mwa Mkuu kuna jani refu la kijani limefungwa fundo. Mimi sikujua ni nini. Mama yake mwalimu aliponiona nimetoa macho akaninong'oneza, "Isale hiyo. Mtu akikujia na isale umsamehe. Haikataliwi, mwanangu. Hata kama amemwaga damu."

"Mwalimu," Mkuu akasema, na nitakuwa mwongo nikisema hakuwa na majonzi, "sikujua. Niliona manukta tu."

Nilimwangalia mwalimu. Nilimwomba kwa macho. Sema kitu! Mwambie kilichokuwa ndani ya yale manukta! Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea jani, akasema, "Yamekwisha, Mkuu. Samahani na mimi, yale maandishi ya ukutani sikuyaandika vizuri."

Mbege ikamiminwa. Mzee akabariki. Nilipewa kata nikairudisha imejaa, na mama yake alinishangaa. Mimi kwetu mtu akikuharibia unamshtaki, mnabishana, mnatukanana, hakimu anaamua, na ukisamehe unasamehe umeshashinda. Hawa wenzetu wamefunga kesi kwa jani, na aliyeibiwa ndiye anayemimina pombe! Nilishuka mlima ule kwa miguu mpaka barabarani nikisema peke yangu. Watu walinipisha njia.

Kila likizo baada ya hapo nilimuuliza, mwaka huu utaiwasha tena? Programu si unayo nyumbani? Alikuwa ananijibu, "Tutaona, Madam." Kompyuta ilirudi chini ya kitambaa chake, ikafia humo. Mkuu alipandishwa cheo, akaagwa kwa sherehe, na mwalimu ndiye aliyesoma risala. Aliisoma kwa sauti nzuri, akamsifu kwa utunzaji wa mali za shule, na alimaanisha. Nilitoka nje ya ukumbi. Siku hizo nilimchukia yeye kuliko nilivyomchukia Mkuu, na nasema hivyo bila haya, kwa sababu Mkuu alikuwa mjinga, lakini yeye alijua.

Tulistaafu. Mimi nikahamia Same, kwetu, tukapotezana. Miaka ikapita, nikaja Moshi kwa shughuli za pensheni, na mpwa wangu aliyekuwa na duka la intaneti akaniuliza kama kuna kitu nataka atafute. Sijui kwa nini nilisema mawingu mawili ya kusini. Kikaja. Watu wenye mashine kubwa wameigiza yote, mwanzo mpaka mwisho, na picha za rangi. Wameandika kwamba mkia ule haukuchanwa na galaksi yetu. Yale mawingu yalivutana yenyewe kwa yenyewe, kabla hata ya kutukaribia. Nikamwambia mpwa wangu achape kurasa zote, nikachukua gari la Himo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga. Amekonda, mvi tupu, miwani imefungwa kwa uzi. Alifurahi kuniona kweli kweli, akataka kukimbilia kuweka chai. Nikamwambia chai baadaye.

"Nimekuja kukuchukua. Siku hizi kompyuta ziko kila kona, na ile hesabu yako itaisha tukiwa tumekaa pale pale. Chukua diski za programu tushuke."

"Diski zipi, Madam?"

"Za programu! Ulizorudi nazo ng'ambo."

Akaweka panga chini. "Nilizichoma."

Nilifikiri sikusikia.

"Jioni ile ile ya isale, mlipoondoka. Nilizitia kwenye moto wa mama jikoni, zikanuka mpaka akanifukuza. Ningebaki nazo ningeanza upya, na kila nikingojea hesabu ningekumbuka aliyeizima ya kwanza. Nimepokea jani mkononi, halafu moyoni nina kesi? Huko si kusamehe."

"Kwa hiyo miaka yote ile unaniambia tutaona!"

"Ungenipigia kelele."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia Mkuu alizima mashine, lakini yeye alizima kila kitu. Nilimwambia jani lilimtaka amsamehe mtu, halikumtaka ajichome mwenyewe. Nilimwekea zile kurasa mbele ya uso: haya, soma, wenzako wamepata, soma uone ulichokitia jikoni! Akarudi nyuma kama nimemwekea nyoka. "Sitaki kusoma," akasema, akaokota panga, akamgeukia ng'ombe. Mimi nikageuka nikaondoka. Nimeshuka njia ya kando ya mfereji, nimefika karibu na mwisho wa migomba yake, nikasikia ananiita.

"Madam!"

Sikusimama.

"Madam! Mkia ni wa nani?"

Nikageuka. Alikuwa amenifuata mpaka pale, anahema, amesahau hata panga mkononi.

"Si umesema hutaki kujua?"

"Ni wa nani? Niambie!"

"Wa lile dogo," nikamwambia. "Lile kubwa ndilo lililolinyofoa. Wenyewe kwa wenyewe, kama ulivyosema."

Akasema, polepole, "Mshenzi yule." Nilidhani ananisema mimi. Akalirudia kwa sauti zaidi, akalitaja na jina la Mkuu, jina kamili, akamtukana kwa Kiswahili, yalipomwishia akahamia Kichagga, na panga likawa linapiga mgomba mmoja, ule ule, mpaka ukaanguka na mkungu wake mchanga. Jirani akachungulia. Ng'ombe akalia. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nikamwacha.

Alipochoka akaninyang'anya karatasi. Alisoma amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, midomo inacheza, machozi yanaangukia kwenye picha za rangi.

"Wamefanya vizuri," akasema. "Wamefanya vizuri sana. Lakini ilikuwa yangu, Madam."

"Ilikuwa yako," nikamwambia.

"Ilikuwa yangu!"